Sauti ya Kasuku

Asubuhi aliyofariki Kasuku, mkewe alikuwa ameshamimina chai vikombe viwili. Alimwita, akadhani anafanya mzaha kama kawaida yake. Alipomgusa mkono ndipo alipojua.

Kasuku lilikuwa jina la redioni. Yeye alikuwa mtangazaji wa asubuhi na mkewe fundi mitambo nyuma ya kioo, ndiyo maana hata nyumbani alimwita Fundi. Jina la Kasuku alilipata kwa kumwiga Mkubwa, enzi hizo Mkubwa akiwa mgombea urais tu, mtu mkavu mwenye sauti ya gogo linaloburutwa. Watu walimwogopa. Kasuku akamfanya agombane na mkewe juu ya chumvi, akamfanya apotee njia akienda chooni kwake mwenyewe. Nchi nzima ikavunjika mbavu, na uliyemcheka humwogopi tena. Wakampa kura. Mkubwa akamkumbatia Kasuku jukwaani, akasema, "Huyu pacha wangu."

Baada ya hapo hakuna aliyeona kifaru cha jeshi barabarani. Mambo yalikwenda kwa leseni. Ya gazeti hili ikachelewa, ya lile ikapotea. Jaji mbishi akastaafishwa kwa shada la maua. Redio ikanunuliwa na mpwa wa Mkubwa, na katiba ikarekebishwa mchana kweupe, kwa makofi. Kisha meneja mpya akaagiza mzaha upumzike. Kanda zote za Kasuku zikachomwa nyuma ya jengo, na mume na mke wakarudishwa nyumbani.

"Fundi, kumbe tulikuwa tunampigia debe," Kasuku alisema siku hiyo. "Mimi nilidhani tunamcheka."

"Tulimcheka. Mwenzetu alikuwa anahesabu kura."

Nyumbani mzaha haukupumzika.

"Wananchi, nileteeni taulo," Kasuku alikuwa akinguruma kutoka bafuni kwa sauti ya Mkubwa.

"Mheshimiwa, muhula wako wa kuoga umekwisha."

"Nimeuongeza."

Msiba ulipotulia, meneja alikuja na mfuko wa matunda. Akakaa kwenye kiti cha marehemu bila kujua.

"Shemeji, pole sana. Nimetumwa." Akashusha sauti. "Mkubwa koo limemgoma. Hata kunong'ona hawezi, na wiki ijayo lazima awaombe wananchi muhula mwingine. Tunajua una nakala za kanda."

"Si mlizichoma?"

"Tulichoma zetu." Akatazama sakafu. "Tutakata maneno ya Kasuku, tuunganishe hotuba. Kazi unaijua kuliko sisi. Na nafasi yako ipo, shemeji, ukiitaka. Usipotaka, kesho watakuja watu wa kupekua, na hao hawaleti matunda."

Fundi aliwaza jinsi nchi ingesikiliza, kila mtu ametulia, akiamini.

"Mume wangu aliisema ile sauti ili watu wacheke," alisema. "Mkiisema bila mtu kucheka, mtakuwa mmemzika mara ya pili. Kula tunda moja, baba, halafu nenda."

Meneja alipoondoka, Fundi alitoa kanda kabatini na mashine ya zamani. Hizo ndizo zilizobaki za mumewe, na katika zote alikuwa akimwiga Mkubwa, isipokuwa mwishoni mwa kila moja, akidhani kipaza sauti kimezimwa. Hapo alikuwa yeye, amechoka: "Fundi, zima tuondoke, njaa inaniuma."

Akaanza kurekodi kimya juu ya kila kanda. Kabla ya kufuta alisikiliza, akacheka peke yake mpaka machozi yakamtoka, kisha akafuta. Kila alipofikia mwisho, alisimamisha mashine, sauti ya mumewe mwenyewe ibaki.

Wapekuzi walizichukua kesho yake. Baadaye meneja alizirudisha ndani ya bahasha.

Mkubwa bado yuko madarakani. Hotuba zake husomwa na mtangazaji wa habari, kijana mwenye sauti nyororo, na watu husema anasoma vizuri. Fundi sasa hutengeneza redio za majirani sebuleni kwake.