Asali ya Fundi Suti

Jamani, mwanamume atamweleza mfamasia kila kitu, ilimradi mfamasia si mwanawe.

Binti wa Fundi Suti alilijua hilo kuliko wote. Duka la dawa alilofanyia kazi lilikuwa hatua chache tu kutoka kwenye fremu ya baba yake, fundi cherehani. Kila siku aliingia mtu mzima na kitambi chake, akajifanya anatafuta dawa ya kichwa, akasubiri watu waishe, kisha akanong'ona: "Dada, mambo hayasimami."

Hakucheka hata siku moja. Aliuliza maswali yaleyale kama kasuku: una presha? Sukari? Moyo je? Unatumia kile kidonge cha kuweka chini ya ulimi kifua kikibana? Maana kidonge hicho kikikutana na vidonge vya nguvu za kiume, presha inaporomoka kama ndoo iliyokatika kamba.

"Anza kwa daktari, kaka. Pengine ni dawa yako ya presha tu, atakubadilishia. Kuna vidonge vya cheti cha daktari, kuna pampu, hata sindano ipo."

"Sindano? Hukohuko?"

"Hukohuko."

Mtu alitoka mbio.

Sasa baba yake naye alikuwa mgonjwa wa moyo. Dawa zake zote, pamoja na hicho kidonge cha chini ya ulimi, alizichukua kwa binti yake, akimwita "Dokta" kwa maringo. Lakini kwa hili la kitanda angeanzaje? Mtoto uliyembeba mgongoni umwambie umeshindwa na mama yake? Akaenda mtaa wa pili kwa muuza dawa mwenye spika: "Mizizi tupu! Haina kemikali! Mzee anarudi ujana!" Akanunua asali kwenye vipakiti. Nyumbani alisema ni ya kikohozi. Mama hakuwahi kumsikia akikohoa, ila alinyamaza.

Siku moja, saa nne asubuhi, binti aliitwa kwenye fremu. Alimkuta baba ameketi nyuma ya cherehani, jasho linamtiririka, kiganja kifuani. Bwana harusi mmoja aliyekuja kujaribu suti alikuwa amesimama pembeni na koti la mkono mmoja lililojaa pini. Wateja wawili walikuwepo. Mama pia.

"Kifua, Dokta. Kinabana."

"Baba, umetumia dawa nyingine yoyote?"

Baba akamtazama mama. Mama akatazama sakafu.

"Za kwako tu."

Angekuwa mwanamume mwingine, binti angewafukuza watu wote nje na kuuliza waziwazi: umemeza za nguvu? Swali lilimfika kooni kabisa. Akamwona baba yake, shati limechomekewa, tepu shingoni, akaona aibu. Akalimeza. Akamwekea kidonge chini ya ulimi kwa vidole vyake mwenyewe.

Haikupita muda. Uso wa mzee ulibadilika ukawa kama majivu, akalala juu ya cherehani kana kwamba anatafuta sindano iliyodondoka. Binti alimshusha chini, akamnyanyua miguu, akamkandamiza kifua, akapiga kelele gari liletwe. Gari lilikuja. Lilibeba maiti.

"Asali," mama alisema hospitalini, wamebaki wawili kwenye benchi. "Haikuwa ya kikohozi. Alikula jana, akala na asubuhi hii."

Binti aliijua hiyo asali. Alishasikia kazini kwamba humo ndani kuna vidonge vilevile vya nguvu, vimesagwa tu.

"Mama! Si nilimuuliza mbele yako?"

"Ningemvua nguo mbele ya wateja? Mbele yako wewe?"

Msibani, baba mdogo alikuja kukaa karibu na binti. Naye moyo unamsumbua, wamerithi.

"Dokta, wewe ulikuwepo. Hasa hasa kaka kauawa na nini?"

Wanaume wote kwenye viti wakageuka. Mama akamshika mkono, akaubana.

"Moyo, baba mdogo," binti akasema. "Moyo tu."