Uji wa Saa Nne

Jumatatu, Japheth, afisa wa afya, alibandika tangazo mlangoni pa chekechea: unga wa uji uliosagwa mwezi wa pili usipikwe, umepatikana na sumu ya kuvu. Alhamisi akarudi yeye mwenyewe, akalibandua kwa ukucha.

Sidi, mpishi wa watoto, alimwona kutoka jikoni. Hakuwa msemaji. Shule aliiachia darasa la tano, akachunga mbuzi wa babake huko Kinango, na tangu aolewe huku Msambweni majirani walikuwa wakiisikia sauti yake pale anapobembeleza mtoto tu. Lakini magunia saba ya unga ule yalikuwa stoo, na ufunguo wa stoo ulikuwa umefungwa kwenye pindo la leso yake.

Nyuma ya Japheth aliingia Fondo, wakala wa kampuni ya unga. Kina mama walioleta watoto walikuwa bado uwanjani.

"Hodi jikoni! Dada Sidi, mbona sufuria imelala? Watoto wanafunga, na Ramadhani ishapita?"

Kina mama wakacheka.

"Sipiki ule," Sidi akasema, macho chini.

"Serikali yasema unga ni mzima. Muulize huyu."

Japheth alivitazama viatu vyake. "Kipimo kilirudiwa."

"Kilirudiwa wapi?" akadakia Mwanaima, mama wa pacha.

"Huko... kwenye maabara ya kampuni."

"Ehee! Fisi kaulizwa nani kamla mbuzi!"

"Mama pacha," Fondo akamwambia taratibu, "lile tangi la maji lililofika zahanati jana, wadhani limeletwa na nani?"

Mwanaima akarudi nyuma hatua moja. Maji yale alikuwa ameshayachota.

Mwalimu Ummi, mkuu wa chekechea, hakuwa na chakula kingine cha kuwapa watoto. Akamsogelea Sidi. "Pika, mwanangu. Wana njaa, na ruhusa imetoka."

Sidi akaenda stoo. Alipika bakuli moja tu, akalileta kwa mikono miwili, akapiga goti mbele ya Fondo.

"Kaka, wewe ni Mduruma mwenzangu. Chakula hiki umekileta wewe. Kwetu mwenye chakula hutangulia."

Hapakuwa na haja ya kueleza. Kwao hata maji ya kunywa mgeni hapewi mpaka mwenyeji ayapige funda mbele yake, kuondoa shaka ya uchawi. Anayekataa amejisema mwenyewe.

Fondo akacheka. Akalipokea bakuli, akanywa, akalipangusa kwa kidole.

"Mtamu! Umepungua sukari tu."

Watu wakapiga makofi. Mwalimu Ummi akashusha pumzi. Sidi akalipokea bakuli tupu. Alikuwa ameipima sumu ile kama uchawi, na sivyo ilivyo. Japheth mwenyewe aliwaambia Jumatatu: haimwangushi mtu kwa bakuli moja. Hula ini polepole, siku hata siku, na ini la mtoto ndilo jepesi kudhurika.

Angeweza kurudi jikoni. Miguu ilishageuka. Kisha akageuka tena.

"Ahsante, kaka. Basi na kesho saa nne uje."

"Kesho?"

"Na Jumatatu, na Jumanne. Mwenye chakula huonja kila sufuria. Hawa wanakunywa kila siku mpaka shule zifungwe. Uje na mwanao yule mdogo, nitampoozea."

"Mwanangu hayumo katika mambo haya."

"Kumbe ana mwana!" akasema Mwanaima, na safari hii hakuna aliyecheka.

Fondo akamgeukia Mwalimu Ummi. "Mwalimu, mpishi wako atoe ufunguo. Kama kazi imemshinda, wapishi ni wengi."

Sidi akalishika pindo la leso, akalikaza fundo kwa meno.

"Kazi nitaiacha," alisema. Sauti ilisikika mpaka nje. "Ufunguo sitoi mpaka magunia haya yaende zake." Akamtazama Japheth. "Bwana Japheth, mimi karatasi sizijui sana. Jumatatu uliandika, leo umebandua. Ipi yako na ipi ya watu?"

Mtoto mmoja akaanza kulia njaa, Japheth akamgeukia.

"Ya Jumatatu," akasema.

"Umefikiri vizuri, kaka?" Fondo akamuuliza. "Kazi unayo, na watoto unao."

"Ndiyo. Nao pia wanakunywa uji." Akamwomba Mwalimu kalamu na karatasi ya daftari, akaketi kwenye kibenchi cha watoto, magoti juu, akaandika tangazo upya. Safari hii akatia jina lake lote, na la babake.

Fondo aliondoka bila kuaga. Mwanaima alikwenda kwake, akarudi na kapu la muhogo, wengine wakafuata na nazi. Siku hiyo watoto walikula saa saba. Wengine walishalala sakafuni kwa kungoja, na Sidi akawaamsha mmoja mmoja.