Kumwachisha Msusi Vidonge

Msusi alikuwa na ulimi mwepesi kuliko vidole vyake. Tangu apasuliwe mgongo, miaka mitatu nyuma, alimeza vidonge vikali vya maumivu asubuhi na jioni. Daktari alipomwambia mwili umevizoea mno, hivyo watavipunguza polepole, mwezi hadi mwezi, alicheka.

"Polepole ya nini, daktari? Mimi si mtoto wa kuachishwa ziwa."

Ijumaa akaviacha vyote kwa mkupuo. Jumamosi, akimsuka wifi yake, alianza kupiga miayo mfululizo. Jasho likamtoka, vinyweleo vikamsimama, na tumbo likamwendesha mbio hadi chooni. Wifi akafunga saluni, akampeleka hospitali huku nusu ya kichwa chake imesukwa, nusu imetimka.

"Mgonjwa ni nani kati yenu?" aliuliza karani wa mapokezi.

Daktari hakumgombeza. Alimrudishia dozi yake, akamketisha. "Safari hii tunapunguza sehemu moja ya kumi tu, kisha tunasubiri. Maumivu yakizidi, nipigie. Usijiongezee mwenyewe, mama. Mwili ukishaisahau dozi hii, ukiirudia ghafla inaweza kukuua."

Msusi akanyamaza kabisa.

"Daktari," wifi akasema, "hiyo ndiyo dawa ukoo mzima tulikuwa tunaitafuta."

Mwezi wa nne mgongo ukawaka moto. Msusi alirudi kliniki kichwa chini, akijiona ameshindwa.

"Tutulie hapa hapa kwanza," daktari akamwambia. "Kusimama si kurudi nyuma."

Wakatulia. Kila asubuhi wifi alimtoa matembezi, akimwambia hata konokono wamewapita na kuwasalimia.

Mwaka ulipokwisha, dozi ilikuwa imebaki theluthi. Mgongo bado ulimuuma akisimama sana, kwa hiyo alisuka ameketi kwenye stuli ndefu. Siku moja mteja alikuwa akisimulia ugomvi wa jirani zake, msusi akamkatiza:

"Hapo umetia chumvi. Wiki iliyopita ulisema mke ndiye aliyemfukuza mume."

Saluni nzima ikamgeukia.

"Haya, kaamka!" wifi akapiga makofi. "Jamani, zamani alikuwa anasinzia na kitana mkononi, umbea wetu salama salimini."

Msusi alicheka na wenzake, kisha machozi yakamlengalenga. Miaka yote ile ya vidonge hakujua kwamba alikuwa akisinzia.

"Endelea basi," akamwambia mteja, akivuta stuli karibu. "Na usiruke kitu."