Kisu cha Mapema

Asubuhi ile nilikuwa nakamua, mjukuu wangu kanishikia mbuzi miguu. Nikamtegea.

"Kitendawili."

"Tega."

"Hufika bila kuitwa, na akishafika hafukuziki."

Akacheka, akasema huyo si mwingine ila babu Mapema. Ni ndugu yangu, kitindamimba wetu. Jina alilipata kwa kuwahi kila kitu; hata harusini hufika viti havijapangwa. Jibu langu lilikuwa maradhi, lakini sikuwahi kulisema.

Nyuma yetu kitu kilianguka puu. Mwanambuzi, aliyeshinda jana yake akirukia ndoo zangu, kalala ubavu, anatetemeka, damu inamchuruzika puani. Nikamwambia mjukuu asimguse, akimbie ndani akampigie simu bwana mifugo.

Mapema akamtangulia bwana mifugo, kisu mkononi. Kwake yeye mnyama anayekata roho huwahiwa, nyama isipotee. Nikamsihi angoje.

"Dada, ukimngoja bwana mifugo utakula makombo ya funza."

Nikamshika shati, akajichomoa. Akachinja. Damu ilitoka nyeusi, nyepesi, ikasambaa majanini kama chai iliyomwagika, na haikuganda. Mama mbuzi hakulia. Alisimama pembeni akitutazama, hata kucheua kaacha.

Bwana mifugo alipofika aliitazama ile damu, akarudi nyuma hatua mbili. Akasema ni kimeta, ugonjwa wa mifugo unaowapata hata watu. Asichunwe, asiliwe, lichimbwe shimo refu, afukiwe pamoja na majani yote yenye damu. Kisha akauliza nani kamshika, na kama ana kidonda. Mapema akajibu kwamba yeye hana hata mchubuko. Mkono wake wa kushoto ulikuwa mfukoni. Nilidhani anaficha kisu kwa aibu, nikamsitiri ndugu yangu, nikanyamaza.

Siku mbili zilizofuata alikuja kunywa chai maji hayajachemka, kama kawaida yake, ila kavaa shati la mikono mirefu na jua lote lile. Siku ya tatu chai ikaiva, ikapoa, ikafanya utando. Mapema hajatokea.

Nikamfuata chumbani kwake. Nilimkuta kakaa kitandani, kijasho kinamtoka. Sikuomba ruhusa, nilimpandisha mkono wa shati kama nilipokuwa namwogesha utotoni. Karibu na kidole gumba palikuwa na kidonda cheusi tii, mfano wa kaa lililozimwa, na mkono umevimba hadi kiwiko.

"Hakiumi, dada."

"Hapo ndipo ninapoogopa. Vaa viatu, twende hospitali."

Nikamsogezea viatu miguuni. Akavitazama kama vya mtu mwingine. Mtu ambaye hajapata kungojwa tangu azaliwe, akajilaza taratibu, akageukia ukutani.

"Bado mapema," akasema.