Kitaa cha Kijani

Mtafiti alikuwa amepata kazi ng'ambo na hakuwa amemwambia mama yake. Hakuikubali, hakuikataa. Alijiambia kwamba maadamu hajafungua kinywa, anakwenda na anabaki, yote mawili, na mama, asiye na mtoto mwingine, hana la kumuumiza. Ndizo hesabu za mtu anayelipwa kuchunguza atomi, na zilimtuliza kweli.

Atomi yenyewe ilikuwa imemtia adabu wiki nzima. Ndani ya kasha la giza ilitakiwa ikae huku na kule kwa wakati mmoja, jambo ambalo atomi hulifanya bila taabu ikiachwa peke yake. Lakini kila alipopima, majibu yalionyesha kwamba ilishachagua upande zamani, kabla yeye hajaigusa.

Mwenzake wa maabara, waliyemwita Bwana Kelele, akafungua kasha, akachungulia, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Dada, hiki nini?"

Kilikuwa kitaa cha kijani cha kipimajoto, kinawaka ndani ya kasha. Katika chumba kile vitaa vyote hufunikwa kwa utepe mweusi. Ndiyo kazi ya kwanza kila asubuhi. Hiki mtafiti alikisahau yeye mwenyewe.

"Lakini kasha lilikuwa limefungwa! Hakuna aliyekuwa anaangalia."

"Nani kasema lazima mtu aangalie? Nuru imeigusa, imeondoka na habari zake, imezimwaga ukutani. Umbeya umeshafanyika. Kwisha."

Alibandika utepe, uso umemshuka, akaenda zake nyumbani.

Mama alikuwa sebuleni anakunja nguo.

"Unaondoka lini?" akauliza, bila kuinua macho.

"Nani kakwambia, mama?"

"Aniambie nani? Bomba la jikoni linavuja, na wewe huligombezi tena. Juzi umenifundisha kulipia umeme kwa simu. Viatu umeninunulia vya mvua na vya jua."

"Sijaamua bado."

"Umeamua, mwanangu. Wewe tu ndiye hujapata habari."

Ilimuuma mtafiti, kwa kuwa ilikuwa kweli, na ilikuwa kweli tangu siku nyingi.

Mama alichomoa shuka kubwa kwenye rundo, akamrushia ncha mbili.

"Shika huko. Hili siliwezi peke yangu."