Pasi Hainyanyuliwi

Kila aliyepita barabara ile kuu aliijua pasi. Si pasi ya kushika mkononi. Hii ilikuwa pasi ya mkaa ya chuma kitupu, ndefu kama lori dogo, na jogoo wake wa chuma wa kufungia kifuniko alikuwa mkubwa kuliko mbuzi. Abiria walimwambia dereva "nishushe kwenye pasi", wageni walielekezwa "ukifika kwenye pasi kata kushoto", na wapo waliopeana miadi pale wakaishia kuoana. Aliyesema hajaiona, ama alipita amelala ama ni mwongo.

Mwenye kazi yake alikuwa Mzee Nyundo, fundi chuma, na mambo yalianza kwa maneno machache, miaka thelathini nyuma. Dobi wa mtaani alimwambia, "Fundi, nataka pasi kubwa nje ya duka langu, ionekane toka kule konani." Dobi alikuwa na maana ya kibao chenye picha. Mzee Nyundo hakuuliza, naye dobi hakufafanua. Vyuma viliposhushwa mlangoni kwake, dobi alidhani ni nguzo za kibao. Wiki ya tatu akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Nilitaka picha mimi!"

"Ulisema pasi," Mzee Nyundo akamjibu, akaendelea kupiga nyundo.

Ilipokamilika, watu walikuja kuishangaa wakiwa na nguo chafu kwapani, na dobi akajitia hamnazo. Leo ukimuuliza, atakwambia wazo lilikuwa lake tangu mwanzo.

Sasa barabara inapanuliwa, na pasi imekaa palepale ambapo lami mpya itapita. Mhandisi wa barabara hakuwa mtu mbaya. Alisema ikiipisha barabara hatua kumi na mbili tu, yeye hana neno. Akaleta kreni. Mwendesha kreni akaizunguka pasi mara mbili, akagonga mbavu zake, akatikisa kichwa. "Hii nikiinyanyua itakatika kiuno." Basi ikabaki kuikata kwa gesi, Jumamosi saa sita mchana, ipakiwe ikauzwe chuma chakavu. Na fundi wa kuchomelea aliyekuwa karibu kuliko wote, aliyeombwa aje na mitungi yake, alikuwa Mama Cheche, binti wa Mzee Nyundo, aliyeachiwa karakana na baba yake.

Mama Cheche hakulala vizuri. Akikataa, ataletwa mwingine aipasuepasue kama kuni. Akikubali, atakuwa amekata kazi ya baba yake kwa mkono wake mwenyewe, naye mzee akiwa hai, akisikia mlio wa gesi kutoka chumbani kwake. Ijumaa asubuhi akaenda kumwambia. Alimkuta kitandani anahangaika na kifungo cha shati.

"Baba, kreni imeshindwa. Wakiinyanyua inakatika."

"Nani kawaambia wainyanyue?"

"Sasa itahamaje?"

"Wewe ukipiga pasi unafanyaje? Unainyanyua unatwanga nayo shati?"

"Naisukuma."

"Haya," mzee akasema, akarudi kwenye kifungo chake.

"Baba, zile ni tani mbili!"

"Hata zingekuwa nne. Kitako chake si umekisugua wewe mwenyewe? Umesahau?"

Hakuwa amesahau. Likizo nzima ya shule wenzake wakicheza, yeye alikuwa amepiga magoti juu ya bamba nene la chuma, anasugua kwa msasa mpaka vidole vikachubuka. Baba yake hakuridhika mpaka alipojiona sura humo. Kisha wakalipaka grisi, wakaita watu ishirini walipindue, na lile bamba likalala kifudifudi juu ya saruji, pasi ikajengwa mgongoni mwake. Alilia siku ile. Likizo nzima, halafu hakuna jicho litakaloona! Kumbe kilio kile kilikuwa cha bure.

Alitoka mbio. Mhandisi alicheka kwanza, kisha akaacha kucheka, akasema, "Mama, nakupa mpaka saa sita. Ikigoma, gesi."

Jumamosi asubuhi dereva wa greda alisawazisha njia ya hatua kumi na mbili mbele ya pua ya pasi. Dobi, kwa kiburi cha mwenye mali, akatoa mapipa sita ya maji ya sabuni, wakayamwaga mpaka udongo ukateleza kama bamia. Watu arobaini wakajipanga mbavuni mwake, kulia na kushoto: wafuaji, mafundi, wapita njia, na abiria wa basi zima waliokataa kuondoka. Wakasukuma. Haikutikisika. Wakasukuma tena, mmoja akaanguka kwenye sabuni, wakacheka, nguvu zikaisha. Saa tano ikapita. Mama Cheche alitazama mitungi yake ya gesi.

Ndipo fimbo ya Mzee Nyundo ikasikika nyuma yao.

"Mnasukuma mbavu za nini? Nendeni kisigino! Pua iongoze! Hamna mama zenu waliowafundisha kupiga pasi?"

Wakahamia nyuma. Mama Cheche akaweka bega lake katikati. "Moja, mbili, haya!" Chuma kikakoroma, grisi ya miaka thelathini ikaachia, na pasi ikatoka. Haikukwaruza wala kuyumba. Iliteleza taratibu, pua mbele, na nyuma yake udongo ukabaki umenyooka bila mkunjo. Watu walipiga kelele mpaka mabasi yakajibu kwa honi. Mama Cheche alilia bila kuficha, kwa fahari tupu.

Mhandisi alichuchumaa akapitisha kiganja kwenye ile njia. "Mzee," akasema, "ulijuaje kwamba siku moja itabidi isukumwe?"

"Nitajuaje? Mimi ni mganga?" Mzee Nyundo alimtazama kama aliyeulizwa kwa nini ndoo ina tundu juu. "Pasi ni kitako. Isiyo na kitako ni sanduku."

Jioni Mama Cheche alirudi karakana. Mteja alikuwa anamsubiri ili aichukue rafu yake ya vyombo, imeshapakwa rangi, imekwisha. Mama Cheche aliitazama, kisha akaipindua. Mgongoni, madonge ya kuchomelea yalikuwa yamejaa kama vipele. Akachukua mashine ya kusagia.

"Ah, Mama, acha tu," mteja akasema. "Upande huo ni wa ukutani. Wataona panya peke yao."

"Basi na panya waone kazi," akasema, akashusha miwani yake.