Vyuma vya Jumapili

"Mbona havina hata mkwaruzo?"

"Havina kwa sababu nimevitunza."

"Mwaka mzima, Mama Paska. Vyuma vya kutembelea vinang'aa kama sahani ya padri."

"Ulitaka nivigaragaze?"

"Nilitaka avivae."

"Anavaa. Jumapili anavaa. Waulize Didia nzima."

Jilala alikuwa amerudi kijijini Didia jana yake kutoka machimbo ya dhahabu ya Geita, na chai ilikuwa inampolea pembeni. Alikaa kwenye kigoda, vyuma vya miguu vya binti yake mapajani. Mkewe Melania kasimama mlangoni, mikono kiunoni. Katikati yao, juu ya ngozi ya ng'ombe, alikaa mwenyewe Paskazia, miaka minane, miguu imepishana kama makasi, akimtazama huyu, akimtazama yule.

Miguu ya Paska ilikaza tangu uchanga, visigino havigusi chini. Maneno nayo yalimtoka kwa kukwama, aliyemwelewa vizuri ni mama yake tu. Sista wa misheni ndiye aliyempima, akamletea vile vyuma: fito mbili kila mguu, bawaba penye goti, mikanda ya ngozi, chini buti nyeusi. Na magongo mawili. Akasema mtoto avae kila siku. Melania akaitikia, ndiyo Sista, akafika nyumbani akavitia guniani, akavitundika kwenye boriti.

Usimwite mjinga. Didia nani alivaa viatu kila siku? Hata katekista alibeba vyake kichwani, akavivaa karibu na kanisa, misa ikiisha akavivua. Kitu kizuri kina siku yake. Basi Jumamosi Melania alivipaka samli, Jumapili Paska akasimama nje ya kanisa kama bibi harusi, watu wakamwangalia. Siku nyingine zote alikuwa mgongoni kwa mama yake. Shambani mgongoni, kisimani mgongoni.

Jilala alijaribu kumvalisha. Mtoto alishakua, Jumapili za karibuni mama yake alimwingizia kwa kulazimisha. Bawaba ilikaa chini ya goti, mguu ukakwama kwenye buti, Paska akalia. Jilala akatoa spana mfukoni, akalegeza fito, akazisogeza kwenye matundu mengine mpaka bawaba ikakutana na goti. Ila buti haina matundu. Akachukua kisu.

"Usithubutu, Baba Paska."

"Shika mguu wake."

"Hizo buti ni za Ulaya."

"Na vidole ni vya Didia. Shika mguu."

Akakata ncha ya buti ya kwanza, akakata ya pili. Melania aliona kama anachunwa yeye.

"Nimezipaka samli mwaka mzima," akasema polepole.

"Ungempaka mtoto. Angekuwa ameshateleza mwenyewe mpaka kisimani."

Paska akacheka. Lile cheko lilimuuma Melania kuliko kisu.

Siku zile alizokuwepo Jilala, mtoto alivaa. Alianguka, akainuliwa, akaanguka tena, baba yake akimwambia, "Ardhi haijakuchoka bado, amka." Lori lilipokuja, Jilala akapanda juu ya magunia ya chumvi. Kuaga hakujui yule mtu. Alisema, "Kila siku, Mama Paska," basi, lori likaondoka.

Vumbi halijatua, Melania akavua vyuma miguuni mwa mtoto, akavirudisha boritini.

Alijiambia vitachakaa. Uongo. Ukweli ni kwamba mume wake alikuwa mgeni wa kuja na kuondoka, na wanawake wenzake walishaacha kumwita kwenye kupura mtama, wakinong'ona kwamba mtoto yule ana sababu, kuna laana nyumbani mule. Sauti pekee aliyokuwa nayo Melania ilimkaa nyuma ya sikio. Njiani Paska alimsimulia huko mgongoni, kwa maneno yake yaliyovunjika, kila alichokiona: mbuzi kapanda kichuguu, mzee fulani kavaa kofia ya mkewe. Melania alicheka peke yake njia nzima, watu wakadhani kapagawa. Sasa mtoto akishuka, mgongo ule utabeba nini? Kama hujawahi kulala kwenye nyumba isiyo na mtu wa kukuuliza umekula, usimhukumu.

Siku zikapita. Asubuhi moja Melania yuko nje anachochea moto, akasikia kishindo ndani. Akakimbia. Paska alikuwa amejiburuta mpaka chini ya boriti, kachokoa gunia kwa gongo mpaka likaanguka. Lilimkosa kichwa kidogo tu.

"Unataka kujiua?"

Paska akanyoosha miguu mbele. "Funga."

"Leo si Jumapili."

"Funga, mayu," akamwita mama yake.

Melania akachuchumaa. Hakugusa gunia. "Nikikufunga utakwenda wapi?"

"Mtamani. Kwa Esta. Tufukuze ndege."

Esta alikuwa binti wa jirani. Mtama ulikuwa umekomaa, na watoto wote walishinda mashambani kupiga madebe.

"Esta hakuelewi ukisema. Nani atawaambia unachotaka?"

"Ndege wataelewa."

"Basi nitakubeba mpaka huko. Mbali kule, utaumia."

"Hapana."

"Utaanguka."

"Nitaanguka."

Melania akatazama mlangoni, uani hakuna mtu, kuku tu. "Na mimi nitabaki na nani, Paska?"

Mtoto akafikiri. Hakuwa na roho mbaya, alilifikiria kweli swali la mama yake, mdomo ukihangaika kulipata jibu.

"Wewe," akasema, "una miguu."

Melania akavuta gunia. Akatoa vyuma, akaingiza mguu wa kulia, akaingiza wa kushoto, vidole vikachungulia mbele. Akakaza mikanda mmoja mmoja, akamwinua, akampa magongo. Halafu bila kukusudia, kwa mazoea, akageuka akainama, akamtegea mgongo kama kila asubuhi. Akangoja uzito. Upepo ukampitia.

Alipotazama nyuma, Paska alikuwa bado amesimama pale, anatetemeka, anatafuta pa kuweka gongo.

"Mayu, nipishe."

Melania akasogea mlangoni. Paska akatoka mpaka uani, akasimama, akamwangalia mama yake kidogo, akageukia upande wa mashamba, akaenda zake.